Jiwe Lako Liko Chini ya Ukuta wa Mtu

Mama yangu mpenzi,

Leo nimerudi nyumbani na bidoni tupu ya maji, na hasira imenijaa. Nimeona nikuandikie wewe, ingawa tulishakuzika na huwezi kunijibu. Ile baraji yenu ya hapa Himbi, ule ukuta wa mawe mlioujenga ziwani, imechukuliwa.

Unakumbuka ilivyoanza. Volkano ilikuwa imemeza nyumba yetu ya Birere, tukahamia huku karibu na ziwa. Kila asubuhi tulichota maji na mchanga wake, maana mawimbi yalivuruga ufuko wote. Wanaume walikaa wakilalamika kwamba ziwa linapanda na kushuka kwa ajili ya baraji waliyojenga wazungu zamani kule Bukavu, kwenye mto Ruzizi, na kwamba Leta, yaani serikali, ndiyo ije itengeneze. Wewe ukakaza kitenge kiunoni. "Kwetu Butembo mutu haikalake tu kungojea Leta," ulisema, na Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa, ukawaambia wanawake wa avenue yetu kwamba kila nyumba ilete jiwe.

Wengine waliokota la karibu. Wewe ulirudi Birere, mahali palipokuwa jiko letu, ukavunja kipande cha lava kwa nyundo na kukipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Papa alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Masika, volkano ilikuletea jiwe mpaka ndani ya nyumba, na weye unaenda kulitembeza?"

"Ilikula nyumba yangu," ulimjibu. "Sasa itumike."

Ulilishusha majini wewe mwenyewe, ukalilaza pembeni kabisa, na mawe ya wenzako yakapanda juu yake. Nilikuwa nimesimama kwenye maji ya kiuno nikikusikia ukigomba: "Muache fasi ya mayi kupita! Ikilala humu, batoto batagonjwa kolera." Mkaacha mwanya, na ndani ya ukuta ule maji yakatulia na kung'aa. Papa akapaita baraji ya bamama. Alikutania sana, lakini kila mgeni aliyefika kwetu alipelekwa kwanza kuiona.

Tangu hapo, familia ikihamia kwenye avenue yetu, ilileta jiwe lake siku ya salongo. Bibi arusi akiolewa kwetu, alishuka ziwani na lake, vigelegele nyuma yake. Nilikuwa najivunia kuwa mtoto wako, mama. Bado najivunia, na ndiyo maana naumia.

Bwana mkubwa mmoja amenunua parseli, kile kiwanja cha juu ya ufuko. Kwanza alitia uzio. Kisha malori yakaja kumwaga udongo ndani ya baraji mpaka pakawa nchi kavu, na ule mwanya wenu wakauziba kwa simenti. Na hakuchimba msingi, mama. Ukuta wake ameupandisha moja kwa moja juu ya mawe yenu! Fundi wake aliniuliza, tena kwa sifa: "Mama, hii fondasyo iko nguvu. Ni banani baliijenga?"

"Ni bamama," nilimwambia. Mlijenga vizuri mno. Mngejenga ovyo, mawimbi yangekuwa yamekwisha kumwangushia ukuta.

Leo asubuhi mlinzi amenizuia tena getini. "Mama, rudia kwako. Hapa ni kwa mutu."

"Na ziwa? Nalo ni la mutu?"

Akafunga geti. Kwa shefu wa kartye, kiongozi wa mtaa wetu, wananiambia yule bwana ana dokima zote, hati na mihuri. Dokima za nini? Nani alimuuzia ziwa, na yeye alilinunua kwa nani? Wanaona haya kunijibu, lakini hawaoni haya kwenda kunywa bia kwake. Sisi sasa tunazunguka hadi kule mfereji unakoshusha uchafu, ndiko tunakochota. Mtoto wa jirani yetu, yule mdogo aliyekuwa akikuita koko kama bibi yake, amelazwa, anaharisha na kutapika. Ni kolera, mama, ileile uliyoigombea mwanya.

Kwa hiyo jioni hii wanawake wa avenue tumekutana uani kwangu. Wengine ni wale mliobeba nao mawe, wamezeeka, wanatembea kwa fimbo, na ndio waliokuwa wakali kuliko sote. Jumamosi ni salongo. Safari hii hakuna atakayeleta jiwe. Kila nyumba itakuja kuchukua la kwake.

Najua wataita polisi. Naogopa, sitakuficha. Lakini baramini ya Papa, ule mtaimbo wake wa kung'olea mawe, nimeshaitoa chini ya kitanda na kuipangusa kutu. Wenzangu wameniuliza tuanzie wapi, nami nakumbuka vizuri ulipolilaza. Lako liko chini kabisa, pale pembeni, na ukuta wote wa yule bwana umelikalia.

Nitaanza na lako.

Pumzika, mama. Ukisikia kishindo, ni sisi.

Binti yako,
Masika