Mama Mukwe, Ulinifundisha Kula Upya

Mpendwa Mama mukwe,

Hukujua kusoma, na hata ungejua, huko ulikolala Ankoro barua hazifiki. Acha niandike tu. Kuna neno ambalo sikukuambia ulipokuwa jikoni kwangu hapa Kalemie, kwa sababu mukwe hawezi kumwambia mama mukwe kila kitu akimtazama machoni.

Ulikuja wakati wa kiangazi, miezi miwili baada ya mimi kupasuliwa. Ulishuka kwenye lori na kikapu cha samaki wakavu wa Luvua, ukanipita mlangoni, ukaenda kumuuliza mwanao: "Papa Sifa, muke wako iko wapi?" Alipokuonyesha mimi, ulikaa chini. Mara ya mwisho uliniona mnene, nisiyeweza kutembea hadi shuleni ninakofundisha bila kupumzika mara nne. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umenianza, uleule uliomuua mama yangu mzazi. Ndiyo maana nilivuka ziwa hadi Kigoma, nikaendelea mpaka Dar es Salaam, wakanipunguza tumbo.

Jioni ile ulinipikia ugali, ile bukari yako, na samaki wa mawese, ukanijazia sahani kama ulivyonijazia nilipokuwa bibi harusi. Nilikula matonge matatu, kwa haraka, nikikuogopa. Kisha nikakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Asubuhi nikakusikia uwanjani ukimwambia Papa Sifa: "Anatapika chakula yangu. Ananichukia ao ananiogopa?"

Nilitoka nikakueleza kwamba waganga wa hospitali walikata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, na kilichobaki hakizidi ndizi moja.

Ulifikiri kwanza. "Na ile ingine walipeleka wapi?"

"Walitupa, Mama."

"Tumbo muzima, wanatupa." Ukatikisa kichwa, halafu ukaanza kucheka mpaka ukashika ukuta, nami nikacheka nikiwa nimeshika mshono.

Nyumba yetu hula haraka, unajua. Mwanao hula kama mtu aliyesikia honi ya meli, na watoto wetu wawili wamemfuata. Wote walikuwa wakimaliza na kuondoka, tukabaki wawili kwenye mkeka: mimi niliyeambiwa nitafune mpaka chakula kiwe uji, niweke kijiko chini kila mara, nisinywe maji pamoja na chakula, na wewe mwenye meno manne. Siku moja ulinitazama ukasema, "Mimi sina meno, wewe hauna tumbo. Sisi wawili tuko muntu mumoja." Tangu siku hiyo hukukubali tena mtu atuharakishe. Kati ya kijiko na kijiko ulinisimulia mambo ambayo hata mume wangu hayajui, kama vile alivyochelewa kutembea hadi ukampeleka kwa wazee watatu, na siku ya nne akasimama mwenyewe kumfukuza kuku.

Lakini kulikuwa na jambo nililokuficha. Ulipokuwa hunioni sikula vizuri. Nyama ilinikwama, mayai yalininukia, basi nikaishi kwa uji mtamu na chai ya sukari, vitu vilivyonitoa jasho na kunifanya moyo uende mbio. Vidonge vyangu vya vitamini na vya damu nilikuwa nimevizika chini ya vitenge ndani ya sanduku. Mtaani walishaanza kusema: "Mama Sifa anakonda, na anakunywa dawa kila siku. Munajua njo ugonjwa gani." Nikaona heri nife bila dawa kuliko kuishi na maneno hayo.

Ulikuwa unanisuka barazani, Jumapili moja, wakati nywele zilipoanza kutoka na kitana. Ulizikusanya ukazifunga kwenye pindo la kitenge chako. Ulipofika nusu ya kichwa ndipo uliposema taratibu, "Mama Sifa, unanificha kintu."

Nililia nikakuambia yote. Hukunigombeza. Ulimaliza kwanza ile nusu nyingine ya kichwa, kwa sababu, ulisema, hatuendi kwa munganga wa hospitali na kichwa nusu.

Kesho yake wakanipima. Damu ilikuwa imepungua sana. Munganga akatueleza kwamba kwenye kila mlo nianze na samaki, mayai au maharagi, kisha mboga, na bukari iwe ya mwisho kama nafasi ipo. Vidonge ni vya maisha yote, na vile vya damu nisivimeze na chai. Ulimfanya arudie mara tatu.

"Kwanza samaki?"

"Kwanza samaki, Mama."

"Sisi watu wa Ankoro tulijua hii zamani," ukamwambia, naye akakubali.

Ndipo ulipoanza kutwanga ndakala, dagaa wetu wakavu, mpaka wawe unga, ukiukoroga ndani ya maharagi yaliyopondwa. Vijiko vinane, hakuna zaidi. Na kila asubuhi ulisimama katikati ya uwanja ukaita kwa sauti ya kufika barabarani: "Mama Sifa, dawa ya damu!" Jirani mmoja aliposogea kwenye ua kuuliza naumwa nini hasa, ulimjibu bila kuacha kutwanga: "Yeye alipunguza tumbo. Wewe upunguze mudomo." Sikusikia tena neno kutoka ua ule. Na mimi nikatoa vidonge sandukuni nikaviweka mezani, kando ya chumvi.

Mvua zilipoanza ulirudi kupanda mihogo yako. Sasa nikuambie lile neno. Nilipotoka kupasuliwa nilimsihi Papa Sifa akuzuie usije. Nilisema utanilisha mpaka nipasuke, na kwamba hutaelewa. Alinidanganya kwamba simu ya Ankoro haipatikani, nawe ukaja. Kila ulipokaa nami mkekani neno hilo lilinikaa kooni kuliko tonge lolote. Nisamehe, Mama.

Habari ya kifo chako ilitufikia kwa simu ukiwa tayari umezikwa, na siku mbili sikutia kitu mdomoni. Siku ya tatu mchana Papa Sifa, ambaye hajawahi kuwasha mbabula ya makaa mbele yangu, alichemsha mayai mawili, akayaponda kwa uma na mafuta kidogo na chumvi, akaketi mbele yangu na sahani yake. Nikamwambia ale tu aende kazini. Akakataa.

"Siku ile namusindikiza kwenye lori, Mama aliniambia: siku sitakuwako, usimuache akule peke yake."

Basi tukala, Mama. Aliweka kijiko chini kila baada ya tonge, akasubiri, akatafuna, machozi yakimtiririka. Chakula chake kilipoa kabisa. Ilituchukua karibu saa nzima, na kazini alifika amechelewa.

Damu yangu sasa ni nzuri, na shuleni nafika bila kusimama njiani. Kiangazi kikirudi tutakuja Ankoro wote wanne kusafisha kaburi lako. Pumzika salama, Mama.

Mukwe wako uliyemfanya mtoto wako,
Mama Sifa