Nakwenda Wodini Kumtazama Mjukuu Ukutani

Kalangalala, Geita
14 Machi 1956

Kwako Bi Mwanaima unayewajibu watu gazetini,

Sijui umri wako, kwa hiyo kama umenizidi shikamoo, kama nimekuzidi marahaba, tusimalize karatasi kwa salamu. Mimi sijazoea kuomba msaada, tangu nilipopata akili wengine ndio huniomba mimi, lakini leo naomba, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi alizonifundisha mwalimu Gregory katika darasa la watu wazima hapa misheni, sikutaka kumpa karani kwa sababu karani ana mdomo. Ukiona nimekosea usinicheke. Wewe baba yako alikupa kalamu, wangu alinipa jembe.

Mimi ni mjane, kwetu ni Ibadakuli, baba yangu alikuwa na ng'ombe hata hawahesabiki kwa macho, lakini sasa naishi hapa na mwanangu Donatus kwenye nyumba za wafanyakazi wa machimbo ya dhahabu, chumba na ukumbi, zizi hakuna, hata mavi ya ng'ombe ya kusiriba sakafu hakuna. Mwaka jana mwezi kama huu mkwe wangu Euphrasia alijifungua mtoto wa kiume hospitali, alizaliwa usiku ndiyo maana anaitwa Bujiku. Siku ya pili akaja wodi ya wazazi mwanamke wa gauni jeupe, viatu vyeupe, kitambaa cheupe kichwani, nikasimama nikamwita nesi na yeye hakukataa, kumbe si nesi wala hajui kushika hata mkasi, anaitwa Justa, anatumwa na kampuni ya maziwa ya unga, kila Jumanne huja na gari lililochorwa ng'ombe mwenye maua shingoni kama bibi harusi. Basi akawa anapita kitanda kwa kitanda, hongera mama, pole mama, kila mmoja kopo moja na kipande cha sabuni, halafu anainama anauliza kwa sauti ya huruma, "Maziwa yako yanatosha kweli?" Sasa nakuuliza wewe Bi Mwanaima, binti aliyezaa jana, ambaye hajui hata kama miguu ni yake, ukimwuliza hivyo atajibu nini? Niliwaona wanavyojishika vifua na kuanza kuwa na shaka, mmoja baada ya mwingine. Niliona, usifikiri sikuona.

Euphrasia alikataa. Alininong'oneza kwa kikwetu, "Yaya mayu," yaani hapana mama, "sisi hatuna haja nalo." Nikamwambia, "Nyamaza, wewe umelala, mimi ndiye niliyesimama." Nikalipokea kwa mikono miwili, kwa sababu kwetu Usukumani mtu akikuletea maziwa humrudishi nayo njiani, ni matusi kwake na kwa ng'ombe wake. Lakini Bujiku hakulionja hata kijiko. Kopo nililimaliza mimi na chai, na lilipobaki kidogo nikalilamba kavu, liandike hivyohivyo.

Mwezi wa kumi Bujiku alikuwa na miezi saba, mapaja yana mikunjo kama mtoto wa chifu, Euphrasia yuko kwenye foleni ya maji, si unajua kiangazi cha huku, mtu huondoka asubuhi akarudi jua limepinda, mara Justa huyo mlangoni na mpiga picha. Akamwangalia mtoto akasema, "Bibi, huyu si ndiye tuliyempa kopo letu?" Nikasema, "Kopo lilikuja hapa." Sikusema zaidi ya hapo na nimejitetea kwa maneno hayo mpaka yamechakaa. Nikakimbia kwa jirani yangu Klara kuazima kanga yake mpya na shanga, nikakaa, mtoto pajani, kopo mkononi, wakasema inua kidogo, nikainua. Bi Mwanaima, sijawahi kupigwa picha maisha yangu yote. Marehemu mume wangu uso wake umebaki kichwani mwangu tu, na hata humo siku hizi unafifia.

Krismasi picha ikabandikwa ukutani wodini, kubwa kama meza, chini imeandikwa BIBI ANAJUA LILILO BORA. Nikatamba nayo mwezi mzima. Mwezi wa kwanza Euphrasia akampeleka mtoto kupimwa uzito, dresa, yule msaidizi wa daktari, akamwambia mbele za watu, "Hongera Mama Bujiku, kopo limekulelea." Alirudi akamweka mtoto mkekani, akasema taratibu, hakupaza sauti, "Mama, miezi kumi mtoto huyu yuko kifuani kwangu, chuchu zilipasuka nikalia ukinisikia, na shukrani umelipa kopo." Mimi badala ya kunyamaza nikamjibu, "Uso ni wangu, ukuta si wako." Asubuhi akambeba mtoto mgongoni akaenda kwao Nyahanga, Kahama. Donatus hakunigombeza, afadhali angenigombeza, anakula, anaosha mikono, anakwenda zake shimoni, humu ndani naongea na sufuria. Bombani wanawake wakiniona wanashughulika na ndoo zao.

Sasa nakueleza la aibu. Kila Jumanne na Ijumaa naoga, najifunga vizuri, nakwenda hospitali, namwambia mlinzi nina mgonjwa, naingia wodini kumtazama mjukuu wangu ukutani. Mgonjwa sina. Wazazi wapya wananitambua, "Shikamoo Bibi wa Kopo!" wananipisha nikae kitandani, wananiuliza ndiye huyo, nawajibu ndiye. Hizo ndizo salamu pekee ninazopata juma zima.

Mwisho wa mwezi wa kwanza akajifungua Sikujua, bintiye Klara huyohuyo wa kanga, mumewe Makoye ni mchimbaji mwenzake Donatus. Akaniuliza palepale chini ya picha, "Bibi Bujiku, wewe hunifichi. Ni kweli alikua kwa hilo? Mimi maziwa yangu nayaona mepesi." Nikamwambia, "Humwoni alivyonona?" Basi. Neno moja. Yule mtoto wa kike sasa ana wiki sita, kopo la bure liliisha upesi, ya dukani wanayanyoosha kwa maji mpaka yanafanana na maji ya kuoshea mchele, kifua cha mama kimelegea, na mtoto analia kama paka mdogo, ukuta wetu ni mmoja namsikia mchana kutwa. Juzi Klara alikuja, ameshika kikombe, akaniuliza, "Mwenzangu, wewe ulikuwa unakoroga vijiko vingapi?" Nikamwambia vitatu. Sijui, Bi Mwanaima. Nilikuwa nakoroga kwenye chai.

Nisaidie nimrudishe vipi Euphrasia na mjukuu wangu, maana Bujiku ametimiza mwaka juzi na sikuwepo. Na nikiwaambia wabandue ile picha, nitamwona wapi? Sina nyingine.

Ni mimi Limi, bibi yake Bujiku. Majina yaandike, sina tabia ya kujificha.

*

JIBU

Wasomaji, barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Siku ileile ilipofika nilimpa jibu dereva wa lori anayekwenda Geita, nikamwapisha alifikishe mkononi mwa Bibi Limi mwenyewe. Mnayoyasoma leo ni maneno yaleyale.

Shikamoo Bibi Limi. Umenizidi umri, nimekuamkia, na heshima ya umri inaishia hapo.

Umeniuliza juu ya mkwe. Huyo atangoja. Wewe umeandika kurasa nne, na mtoto anayekufa njaa umemweka karibu na mwisho, baada ya kanga na shanga. Kwa hiyo kabla hujamaliza kusoma, weka karatasi chini, vaa viatu, gonga mlango wa Klara. Ukuta ni mmoja, si safari.

Umwambie hivi, na usiongeze wala kupunguza: "Bujiku hakunywa kopo. Nililinywa mimi. Vile vijiko vitatu nilivibuni." Usianze na habari za ng'ombe wa baba yako. Usimweleze ulivyokuwa mpweke. Ataudhika, pengine atakutukana, pengine atakurushia kikombe. Kiinue, kioshe, umrudishie. Halafu wewe, Klara na Sikujua mwende na mtoto hospitali leo, si Jumanne, mkamwone daktari au nesi wa kweli, mumweleze maji mliyokuwa mnatia. Kopo msilikate ghafla wala msiongeze vijiko kwa kukisia. Umeshakisia vya kutosha. Daktari ndiye atakayewaambia mtoto apewe nini na kiasi gani. Na mumwulize pia namna ya kurudisha maziwa ya mama, maana hurudi, nimeona kwa macho yangu yakirudi kwa wanawake waliokwisha kukata tamaa: mtoto awekwe kifuani kila saa, hata kama linatoka tone, maziwa huufuata mdomo. Ila Sikujua hawezi kunyonyesha kutwa huku anachota maji, anatwanga, anampikia Makoye. Hapo ndipo kazi yako. Foleni ya bombani kaa wewe. Uji wa uwele na karanga koroga wewe, huo vijiko vyake unavijua. Ulimtia shaka kwa neno moja. Sasa mtoe shaka kwa mikono, siku hadi siku, mpaka sauti ile ukutani ibadilike.

Nilitaka kukukaripia zaidi, lakini nimejikuta sina mdomo safi. Niliposoma barua yako nilifungua magazeti yetu ya wiki zilizopita. Upo. Ukurasa unaofuata ukurasa wangu, na kopo lako, na BIBI ANAJUA LILILO BORA. Mara ngapi nimeiona picha hiyo nikasema moyoni, huyu bibi ana uso wa kuaminika! Na wasomaji wangu wangapi wamemaliza ushauri wangu, wakageuza karatasi, wakakuamini wewe? Nimekwenda kwa mhariri. Ameniambia tangazo lina mkataba. Nami nimemwambia barua ya bibi mwenyewe haina mkataba na itatoka, na kama haitoki, hata mimi sitoki. Amekubali.

Sasa picha ya wodini. Usiibandue. Ukiibandua, Justa ataleta nyingine, hata ya bibi mwingine mwenye njaa ya kuonwa kama wewe, na mabibi wa namna hiyo hawaishi. Wewe nenda Jumanne, siku anayokuja yeye. Usimdanganye mlinzi, mwambie ukweli kwamba unayemwona ukutani ndiye wewe, na una neno na wazazi. Kaa palepale chini ya uso wako. Akipita na swali lake la "maziwa yako yanatosha kweli?" wewe fuata nyuma yake kitanda kwa kitanda, useme, "Mjukuu wangu huyu alinyonya kwa mama yake. Kopo nililinywa na chai." Watacheka. Waache wacheke, mtu akicheka amesikia. Justa anaweza kukuambia nyamaza. Nasikia hilo neno wewe huwaambia watu waliolala. Tuone kama wewe unaambiwa ukiwa umesimama. Ana gari, ana gauni jeupe, ana makopo. Lakini uso ule ukutani mwenye nao ni wewe peke yako, na haujui kusema. Wewe unajua.

Hawatakuita tena Bibi wa Kopo. Salamu zitapungua, sitakudanganya. Hizo ulizokuwa unapata zilikuwa za kopo.

Nimefika kwa Euphrasia. Usimtume Donatus, yeye hakukosa. Usimwandikie barua, maana kwa barua wewe ni hodari sana wa kujitetea. Mambo ya Sikujua yakisimama, funga michembe yako, viazi vyako vikavu vya njiani, kwenye kitambaa, panda basi mpaka Kahama, ufike Nyahanga mchana, wazazi wake wakiwepo. Ukibisha hodi utamsikia mtoto ndani na mikono itakuwasha. Izuie. Wakikuuliza umemfuata nani, usiseme mjukuu. Sema, "Nimemfuata mama yake Bujiku, nimekuja kumpa shukrani nilizompa kopo." Umwambie yaleyale uliyomwambia Klara, na yale uliyoyasema wodini, mbele ya mama yake mzazi. Halafu unyamaze. Najua ni kazi ngumu kuliko zote nilizokupa. Akikubali kurudi Geita, mshukuru Mungu. Akikataa, omba ruhusa ya kuja kusalimu, na uje tena, na tena, bila kusema lolote juu ya nauli.

Umeniuliza utamwona wapi Bujiku. Bibi Limi, yule wa ukutani ana miezi saba, na atabaki na miezi saba mpaka karatasi ianguke. Wa Nyahanga ametimiza mwaka. Wiki hizi anashika ukuta anasimama, anawatazama watu usoni mmoja mmoja ajue yupi ni nani. Nenda kabla hajamaliza kuwajua bila wewe.

Bi Mwanaima