Kioo cha Mlango wa Nyuma

Nachingwea,
Ijumaa jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Najua Baba ndiye anayekusomea, kwa hiyo na yeye shikamoo, tena namwomba asome polepole na asiruke mahali, hata pale patakapomkera. Goti lako linaendeleaje? Bado linauma ukiinama kukata ufuta? Usiache kulikanda kwa maji ya moto. Huku sote wazima, Mama mdogo na watoto wake. Vumbi tu limezidi, mpaka maji ya chai yana rangi kabla hatujatia majani.

Sasa Mama, naomba Mjomba aitwe, apewe kiti, ndipo Baba aendelee kusoma.

Mjomba, shikamoo. Neno ulilotuma kwa dereva wa lori limenifikia. Umesema nirudi Malolo na lori la kwanza, kwa kuwa nimeharibu motokaa ya mtu na nimewatia aibu. Najua neno lako ndilo linalokata mambo ya nyumba yetu. Unajua na wewe kwamba nikiwa mbele yako huwa naangalia vidole vya miguu yangu tu. Kwenye karatasi sivioni vidole, basi nitasema. Sirudi.

Dereva hakusema uongo, ila aliondoka hadithi ikiwa nusu. Mimi nawapa yote.

Motokaa yenyewe ni ya Bwana Salumu, mnunuzi wa ufuta. Ni ndogo, nyeusi, iliachwa na Wazungu wa mashamba ya karanga walipoondoka, ikapigwa na jua mpaka mipira ya madirisha ikawa inakatika kama mkate mkavu. Mlango mmoja wa nyuma haukuwa na kioo kabisa. Ikaletwa hapa gerejini kwa Baba mdogo, naye akapata kioo kwenye motokaa nyingine mbovu ya aina ileile, kazi ikabaki kukiweka. Mlango wa motokaa, Mama, ndani mna uwazi kama mfuko, na tundu la kupitishia mkono ni dogo. Baba mdogo alijaribu, akachomoa mkono unatoka damu. Fundi mwenzake, Chande, hata ngumi haikupita. Mimi nilikuwa nimeleta chakula, nimesimama kando nangoja vyombo. Baba mdogo akautazama mkono wangu.

"Somoe, hebu njoo hapa."

"Mimi, Baba mdogo?"

"Kwani nimeita nani, sufuria?"

Ndivyo nilivyoanza. Nilikata utepe kutoka mpira wa ndani wa tairi, nikaukunja kwenye ukingo wa chini wa kioo, ili kioo kikae kwa kubanwa ndani ya mfereji wa chuma. Ukizungusha mkono wa mlangoni, mfereji huo ndio unaopanda na kioo chake. Pembeni kioo kinapita kwenye njia mbili zilizotandikwa kitambaa kizito. Cha zamani kilikuwa kimeliwa na wadudu, nikashona kipya kwa blanketi kuukuu, kwa ule mshono wa kurudia tuliofundishwa shule, ambao wewe Mama ulisema hautanifaa kitu.

Kioo kilipanda kwa kukwaruza. Basi nikafanya kama tunavyofanya nyumbani. Kila kilichokauka kwetu, iwe ngozi, iwe visigino, tunakipaka mafuta ya ufuta. Nikapaka mpira, nikapaka kitambaa, nikapaka kila mahali. Kioo kikapanda kama kimeitwa. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Siku Bwana Salumu alipokuja, yule dereva wa lori alikuwapo. Bwana Salumu akaingia nyuma, akazungusha. Kumbe mpira ulikuwa umelowa mafuta, umevimba na kulegea, na vumbi limeganda kwenye kitambaa kama ugali. Kioo kikapanda nusu, kikakwama, kikachomoka mferejini, kikatumbukia ndani ya mlango: kwaa! Hakikuvunjika, lakini sauti ilitosha.

Chande akapiga makofi. "Karibuni jamani! Mwali wa Malolo anakaanga mlango! Somoe, chumvi umetia?"

Wakacheka wote, na dereva akapanda lori lake akicheka. Hapo ndipo hadithi yenu inapoishia.

Yaliyofuata ni haya. Bwana Salumu alimwambia Baba mdogo, "Kwenye motokaa yangu sitaki tena mkono wa mtoto wa kike." Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya mlango uleule. Nikasema, "Nilikiweka mimi. Nitakitoa mimi."

"Anasema nini huyu? Sisikii."

"Anasema alikiweka yeye, atakitoa yeye," Baba mdogo akamjibu. "Na mimi nasema hivyohivyo."

Bwana Salumu alipoondoka, Baba mdogo akanigeukia. "Mafuta yanakula mpira, mwanangu. Ungeniuliza."

"Ungeniambia," nikasema. Mama, sijui neno lile lilitoka wapi. Akacheka, akanipa bisibisi.

Nikafungua vyote. Ule utepe nikautupa, nikakata mwingine. Kitambaa nikakifua, nikakianika, nikakishona upya. Safari hii nilipaka povu la sabuni tu: mpira unateleza wakati wa kuuingiza, povu likikauka unashika. Nikaweka na mipira ya juu, ile inayozuia vumbi. Kisha nikamwita Chande azungushe yeye. Akazungusha haraka, akazungusha polepole, akainamisha sikio.

"Haya, kimepanda," akasema.

"Na kushuka?" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha. Akakishusha. Chumvi hakuiulizia.

Mjomba, unasema gereji si mahali pa mwali. Labda. Lakini nilitoka shule sijui nifanye nini na hii mikono, na sasa najua. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa hilo. Kwa aibu, hapana. Niliharibu mbele ya watu, nikatengeneza mbele ya watu.

Nisalimie Bibi, mwambie mkeka wake ndio ninaolalia. Nisalimie Mama mkubwa, na dada na kichanga chake, na mwalimu wangu wa chuoni, asije akadhani nimeacha kusali.

Barua hii inakuja na Bwana Salumu, anapita Malolo kununua ufuta. Vumbi lote la kutoka Nachingwea litakuwa limeshaipiga motokaa. Mjomba, nenda ukafungue mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ukae, uzungushe mwenyewe. Kioo kikipanda, niache huku. Kikikwama, niite. Nitakuja na bisibisi, nikifungue mbele yenu wote, nikitengeneze, nile ugali wa Mama, kisha nirudi Nachingwea na motokaa hiyohiyo, nimekaa kando ya kioo changu.

Mimi mwanenu, mwenye kucha nyeusi,
Somoe