Chupa ya Chai Uiache

Kitengela,
14 Septemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Nyawira,

Pokea salamu zetu zote. Uko mzima? Jua la huko Ziwa Turkana limekuachia ngozi kidogo? Sisi tuko salama. Mama magoti yanamsumbua, lakini kanisani hakosi.

Ujumbe wako niliusoma mara mbili. Unasema mwaka mzima umetembelea Waelmolo, wavuvi wa huko, nyumba kwa nyumba, na bado Jumapili unahubiria viti vitupu, kwa hivyo Desemba unaacha kazi ya Injili urudi. Nililia, dada. Mama naye alifurahi waziwazi, akatandika kitanda chako siku hiyo hiyo.

Majuzi kina mama wa kanisa tulienda Kajiado kumwona nyanyake Ledama, yule jirani yetu. Alitupatia maziwa ya kibuyu yenye ladha ya moshi, nikameza. Akatusimulia wahubiri wawili waliofika bomani kwao zamani. Wa kwanza alijua Kimaasai vizuri, ila alikuja na chakula chake. "Sasa huyo ni mgeni wa nani?" akauliza. Wa pili lugha ilimshinda, lakini maziwa alikunywa. Huyo ndiye aliyembatiza.

Nikaikumbuka ile chupa ya chai uliyonunuliwa na mama. Uliniambia ukitembelea watu unabeba chai na chapati zako, usiwasumbue. Nyawira, mimi ni dada yako. Huogopi kuwasumbua, unaogopa samaki. Siku mume wangu Ouma alipoleta samaki hapa, wako ulimpa paka chini ya meza ukidhani sikuoni. Sasa watu wanavua, wanakuchomea, na wewe unafungua chupa.

Mimi pia nataka urudi. Nakukosa sana, hata kelele zako jikoni. Lakini usirudi kabla hujaketi kwa mtu ukala alichokuwekea. Ouma anasema uanze na nyama ya mgongoni, haina miba mingi. Ukishakula na moyo bado unataka nyumbani, nitakuja kukupokea mwenyewe.

Ouma anakusalimu, na Cate wetu anakuombea kila jioni kabla ya kulala. Mungu akufunike huko uliko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kama zamani,
Mugure.

N.B. Mama nimemsomea barua hii yote. Nilipomaliza, akaenda kukunja shuka zako, akazirudisha kabatini. Anasema chupa uiache.