Usifute ya Zamani

Mwanangu uliye mbali,

Maktaba yetu imepata kompyuta mpya, na juzi nilihamishia humo kanzidata ya wasomaji, ile orodha ya majina yao, kwenye toleo jipya la programu. Kazi hii ni kama kuhama nyumba: hurudishi funguo za zamani kabla hujakagua mizigo. Mimi, kwa furaha, nikataka kufuta ya zamani papo hapo. Baba yako, aliyekuja kunibebea mashine tu, akaruka: "Dada, acha! Mtoto alisema kwenye barua usifute ya zamani kabla hujafungua mpya!"

Tukafungua. Hakuna jina hata moja! Nikanakili upya, yakaja yote.

Tangu ugombane naye, nikimsomea barua zako hujifanya amesinzia. Kumbe husikia kila neno! Nimemcheka mpaka amenuna.

Barua ijayo mwandikie yeye. Nataka nione atasinziaje akiwa ameishika mwenyewe.

Shangazi yako