Vijiti vya Muhogo

Awindiri, Arua
26 Machi 2023

Mwanangu Estelle,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kila nikiinamia matuta. Wewe je, unakula? Najua utasema nipige simu, lakini salio huisha kabla sijafika kwenye habari za kuku.

Mvua imeanza. Nimepanda dodo, mchicha wetu, sukuma na kunde za osubi za kuchuma majani nyuma ya jiko, kama tulivyozoea: majani laini yetu, yaliyotobolewa na wadudu ya kuku. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Lako lipo. Tuta la karibu na mlango ni lako, na kuku akilisogelea namfukuza kwa fagio. Jirani Concy ananicheka: “Mama Estelle, mutoto iko Koboko. Sasa hii mboga yote ya nani?”

Ulisema utashona sare huko hadi Krismasi, kisha urudi. Nangoja. Hizi mbegu za dodo zipande uani kwako, usile mboga zilizolala sokoni.

Mama yako,
Régine

Koboko
7 Mei 2023

Mama mpendwa,

Hujambo? Pole na mgongo. Mimi sijambo.

Dodo imeota! Nimeipika kwa karanga za kusaga kama wewe, nikalia juu ya sufuria. Mbuzi nusura waimalize, bahati nzuri Andama, fundi baiskeli wa mbele ya duka letu, akaja na matete akanijengea ua. Alikataa malipo, akala dodo tu. Nina vifaranga watatu pia, wanapata majani ya chini.

Nimekukumbuka mno, Mama. Krismasi nitakuwa mlangoni.

Binti yako,
Estelle

Awindiri
18 Juni 2023

Mwanangu,

Nashukuru kusikia u mzima. Huyo fundi anapenda dodo, au anampenda mpishi? Nauliza tu.

Nakutumia mbegu za osubi. Ukizipanda sasa utachuma mapema. Usipande kitu kitakachokomaa baada ya Krismasi, utawalimia wengine.

Nyumba ni kimya. Naongea na kuku, nao hawajibu vizuri.

Mama yako

Koboko
3 Septemba 2023

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kunyamaza. Siumwi. Nilianza barua hii mara nyingi nikaiacha. Wewe hujambo?

Osubi imestawi, na vifaranga wamekuwa kuku. Mama, nina ombi. Nitumie vijiti vya muhogo, ule mtamu wa upande wa Concy. Andama amenilimia kipande cha nyuma. Na kama unaweza kumwachia, yule kuku kishingo anayeatamia vizuri.

Mengine nitakuambia nikija.

Binti yako,
Estelle

Awindiri
17 Septemba 2023

Estelle wangu,

Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Muhogo hukaa ardhini mwaka mzima. Mtu anayerudi Krismasi haombi muhogo. Usihangaike kutafuta maneno, nayajua. Mimi nilikuja Arua kumtembelea shangazi kwa wiki mbili, nikamwona baba yako. Nilimwandikia mama yangu kule Ariwara anitumie vijiti vya muhogo. Alituma, hakuuliza neno. Ni muhogo huu huu. Leo ndiyo nimejua alivikata akiwa na moyo gani.

Vijiti nimevifunga kwa gunia bichi, uvipande upesi. Kishingo yumo kikapuni, mpe maji akifika. Mwambie Andama aje na wazee wake, waje mchana kama watu wenye heshima. Jogoo wao yupo.

Nimeumia, mwanangu, sitakuficha. Nilitaka urudi, nilitaka sana.

Asubuhi nimeweka fagio ndani, nikawaachia kuku tuta lako. Walisimama pembeni muda mrefu wakinitazama, kabla ya mmoja kuthubutu kudonoa.

Mama yako