Ndoo ya Mchanga ya Injinia

Mnyambe, Newala

Kwako Baba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko Bukoba? Na macho? Najua barua hii anakusomea dada Koku. Mwambie asiruke mistari akifika ninapoumbuka. Mimi mzima, nafundisha, kisamvu nimekizoea.

Najua umekaa jioni nyingi na visikizio masikioni ukiniita hewani kwa redio yetu ya kuongea, kimya. Simu umeikataa, unasema ni ya watu wasio na la kusema, basi imebidi kalamu.

Hapa yuko fundi simu wanayemwita Injinia. Uinjinia kaupata wapi, Mungu ndiye ajuaye. Alipoona waya wa antena yangu kati ya mikorosho miwili, naye akatafuta leseni ya kuongea hewani, na redio kuukuu akaifuata Masasi. Nikamweleza kama ninavyowaeleza Kidato cha Kwanza: antena lazima iwe na waya wa kushuka kwenye udongo, maana upepo mkavu ukiipiga inajaa umeme, na radi nayo inataka njia ya chini. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake nikakuta waya wake umeishia chumbani, ndani ya ndoo ya plastiki iliyojaa mchanga.

"Injinia, hii nini?"

"Si ulisema udongo, mwalimu? Udongo huo."

Ndoo ya plastiki, Baba! Nilimtangaza ofisi nzima ya walimu. Mimi waya wangu niliufunga kwenye nondo niliyoizamisha nje, urefu wa mtu, na kwa kuwa mchanga wa huku ni mkavu na maji ni ya kununua, nilikuwa naoga nusu ndoo, nusu naimwagia. Majirani wakasema mwalimu ananywesha chuma. Nao nikawaweka kundi moja na Injinia.

Alhamisi moja baada ya vipindi wingu likapanda upande wa Masasi. Badala ya kwenda nyumbani, nikapita kwa Injinia kumsomesha. Nikaipiga teke ile ndoo, nikaanza: ardhi ni nini, plastiki ni nini, mjinga ni nani. Ngurumo ya kwanza ilipolia akainuka, akachomoa waya wa antena nyuma ya redio yake, akautupa nje ya dirisha, akarudi kukaa.

"Endelea, mwalimu."

"Unachomoa ya nini, na ndoo unayo?"

"Ndoo nitaiaminije, na wewe umeicheka hivyo? Wa kwako umechomoa?"

Nilikuwa bado njiani nakimbia mshindo ulipopiga.

Mkorosho mmoja umepasuka toka kileleni. Redio yako ya zamani, ile uliyonikabidhi ulipostaafu kazi ya bandarini, ndani ni masizi matupu. Nondo niliyoinywesha imesimama palepale, haina hata doa. Nililia, Baba. Injinia alikuja kutazama na hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alisema tu, "Jioni yoyote ukiwa tayari njoo kwangu, umwite mzee wako."

Msalimie Mama, shangazi wa nyumba ya pili, na kaka Mugisha anayedhani ualimu ni kazi ya kukaa.

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa moja jioni, nitakuita kwa redio ya Injinia. Kila tulipoagana ulikuwa unaniuliza, "Umechomoa?" nami nakujibu kuwa mimi si mtoto. Safari hii ukiuliza, nitampisha Injinia akujibu.

Mwanao,
Mwalimu Byera